Kamba na spageti ndani ya nusu saa: kipi kianze, kipi kisubiri?

ZamuYaJioni

Habari za jioni wakuu,

Naomba msaada wa jikoni. Natoka kazini jua limeshazama, nikifika nyumbani nakuta watu watatu wana njaa, na mmoja wao ana miaka sita na subira ya dakika mbili. Friza yangu haikosi mfuko wa kamba waliomenywa. Kabatini kuna spageti, vitunguu saumu na mafuta ya zeituni, siagi ipo, malimau yapo. Kila ninaposoma naambiwa huo ni mlo wa dakika ishirini na tano. Kwangu unakaribia saa nzima, na ukifika mezani uko hivi: kamba wamejimwagia maji kikaangoni wakachemka badala ya kukaangika, spageti imeshikana kwenye chujio ikiwasubiri wao, na mchuzi umetuama chini ya sahani huku tambi juu ni nyeupe peee.

Sitaki maelezo ya mpishi wa televisheni mwenye bakuli kumi na mbili za viungo vilivyokwisha kukatwa na mtu mwingine. Nataka mpangilio. Nikifungua mlango, naanza na nini? Kamba wanaweza kuingia kikaangoni wakiwa bado na barafu? Na huo mchuzi unashikaje tambi bila krimu na bila mvinyo? Mvinyo hauingii nyumbani kwangu, kwa hiyo msinipeleke huko.

Nawasilisha.

UmaMkononi

Ngoja waje wataalamu, mimi nimekaa hapa na uma wangu.

Ila kwa uzoefu wangu mdogo, spageti ikibakiza dakika mbili kuiva, tumbukiza kamba humo humo, chuja vyote pamoja, tupia siagi na limau, kula. Sufuria moja, vyombo vichache vya kuosha. Mengine ni mbwembwe.

Mzee_wa_Kikaango

Huyo mwenye uma nitamrudia. Kwanza nikujibu wewe, binti yangu.

Mikono yako haina tatizo, mpangilio ndio umekaa vibaya. Unapika vitu vitatu kana kwamba havijuani, kumbe ni pishi moja: maji yaliyochemshia spageti ndiyo mchuzi wako, na mafuta yaliyokaangia kamba ndiyo ladha yake. Nimesimama mbele ya majiko ya hoteli miaka mingi, na sahani ya kamba na pasta ilikuwa ikitoka dirishani kabla mteja hajamaliza mkate wake. Hatukuwa na siri yoyote. Tulikuwa na maji yanayotokota saa zote, na tulikuwa na kamba waliokaushwa.

Kwa hiyo ukifungua mlango, usivue hata viatu. Bandika maji. Kama una birika la umeme, chemsha nusu huko na nusu kwenye sufuria, utaokoa dakika kadhaa. Kwa watu wanne nachukua gramu 320 za spageti na lita 2 za maji. Waitaliano husema lita moja kwa kila gramu 100 za pasta, na gramu 10 za chumvi kwa kila lita. Mimi maji napunguza kwa makusudi. Spageti inatoa wanga inapochemka, na wanga huo ukikaa kwenye maji machache yanakuwa mazito na yenye ukungu, nami ndivyo ninavyoyataka. Chumvi weka kijiko kimoja cha chakula, cha kusawazisha, kwa sababu sehemu ya maji hayo itarudi kikaangoni. Na tafadhali usitie mafuta kwenye maji. Yanaelea tu juu, halafu ukichuja yanaipaka tambi, mchuzi ukija hauna pa kushika.

Sasa barafu. Jibu ni hapana. Kamba mwenye barafu anashusha joto la kikaango, anaachia maji, na maji yakishakuwapo kikaango hakivuki nyuzi 100 mpaka yakauke. Wakati unasubiri yakauke, kamba anazidi kuiva bila kupata rangi wala harufu ya kukaangwa. Njia nzuri kuliko zote ni ya asubuhi: unapotoka, wahamishe kutoka friza kwenda friji, kwenye chujio lililowekwa juu ya bakuli ili maji yadondoke chini wasilale ndani yake. Asubuhi imepita bila kukumbuka? Watie kwenye mfuko uliofungwa vizuri, uzamishe kwenye maji baridi ya bomba kama dakika ishirini, ukibadilisha maji mara moja katikati. Wakiwa wadogo hata dakika kumi na tano zinatosha. Maji ya moto hapana, yanaanza kupika ngozi ya nje ndani kukiwa bado kumeganda. Kuwaacha mezani tangu mchana nako hapana, hapo unawakaribisha vijidudu.

Kisha wakaushe. Hapa ndipo kila mtu anakimbia, na hapa ndipo mimi ningekuomba usimame. Watandaze juu ya karatasi za jikoni, weka karatasi nyingine juu, kandamiza kwa viganja mpaka karatasi ilowe, badilisha, rudia. Dakika mbili. Kama mgongoni wana ule uzi mweusi, huo ni utumbo wao. Pasua juu juu kwa ncha ya kisu na uuvute. Haudhuru mtu aliyekula kamba aliyeiva, ila ukiwa mnene una mchanga, na mchanga kwenye meno hausameheki. Kwa kamba wadogo siuhangaikii.

Maji yakitokota, spageti ndani, koroga dakika ya kwanza isishikane. Soma muda ulioandikwa kwenye pakiti na uondoe dakika mbili. Ikiandikwa 9, wewe unaitoa ya 7. Sasa una dakika saba, na hizo zinatosha kila kitu kilichobaki.

Kikaango kipana, moto wa juu kidogo ya wastani, vijiko viwili vya mafuta. Mafuta yakianza kucheza weka nusu ya kamba, kila mmoja na nafasi yake, chumvi kidogo. Usiwaguse dakika moja. Geuza, nusu dakika nyingine au zaidi kidogo kwa wakubwa, watoe kwenye sahani. Ingiza nusu ya pili. Watu wanaona kugawa mara mbili ni kupoteza muda, lakini mafungu mawili ya dakika moja na nusu ni dakika tatu, na kikaango kilichojaa pomoni kitakushika dakika nane kikichemsha.

Utajuaje wameiva? Rangi ya waridi isikudanganye. Kamba ana rangi nyekundu mwilini mwake tangu akiwa hai, inaitwa astaksanthini, ila imebanwa na protini inayoifanya ionekane ya kijivu au ya bluu. Joto likiivunja hiyo protini, rangi inafunguka, tena mapema, wakati nyama ya ndani bado haijafika. Wewe mtazame upande mnene, ule uliokuwa karibu na kichwa. Pale nyama ikitoka kwenye kuona ndani na kuwa nyeupe, ameiva. Mtoe pakiwa pamebaki kijistari chembamba cha uwazi, kwa sababu safari yake haijaisha. Mkunjo nao unasema: akijikunja kama herufi C yuko vizuri, akijifunga kuwa O amepita. Wenye kipimajoto, Marekani mamlaka za chakula zinataja nyuzi 63 kwa vyakula vya baharini. Ukimpeleka juu ya 70 nyama inajikaza na kukamua maji yake yote, ndiyo ule mpira mnaoulalamikia.

Kamba wakiwa kwenye sahani, shusha moto mpaka mdogo. Usioshe kikaango! Ongeza kijiko cha mafuta, weka punje tano au sita za kitunguu saumu ulizokata vipande vyembamba, na pilipili kavu iliyopondwa kama mtoto anaivumilia. Kitunguu saumu kinataka upole. Kikinukia na kingo zake kuanza kuwa na rangi ya asali, basi, kikiwa kahawia ni kichungu na hakuna limau litakalokiokoa. Hapo chota upawa mmoja na nusu wa maji ya spageti, mwaga ndani, paza moto, kwangua chini ya kikaango. Ule uchafu wa kahawia ulioachwa na kamba ndio mvinyo wako.

Spageti itoe kwa koleo moja kwa moja kutoka kwenye sufuria mpaka kikaangoni, ikiwa bado ina kiini kigumu. Chujio liache likae ukutani. Ukitumia chujio unamwaga maji yenye wanga kwenye sinki, kisha unaanza kutafuta krimu ya kuziba pengo. Zungusha, rusha, koroga kwa dakika mbili moto ukiwa mkali. Utayaona maji na mafuta, ambavyo kwa kawaida havipatani, vinaanza kushikana na kuwa mchuzi mmoja wa rangi ya maziwa unaoipaka tambi. Wanga ndio unaovipatanisha, pamoja na huko kukoroga. Ukikauka ongeza maji kidogo, ukiwa mwepesi vumilia nusu dakika.

Zima moto. Narudia, zima. Ndipo uweke siagi, gramu 40 hivi, iliyotoka friji na kukatwa vipande, ukoroge mpaka ipotee. Siagi ikichemka inatengana na unabaki na mafuta yanayoelea. Kwangua ganda la limau moja ndani, kamua nusu yake, tupa kotmiri iliyokatwa, na kamba warudi mwisho kabisa pamoja na maji waliyoacha kwenye sahani. Koroga mara tatu nne, pakua. Joto la tambi linamalizia kile kijistari cha uwazi.

Ukihesabu tangu ufungue mlango, na kamba wako wakiwa walishayeyuka friji, ni dakika ishirini na tano kweli. Sehemu kubwa ni kusubiri maji yatokote, na hapo ndipo unapokausha kamba na kukata vitunguu saumu. Kama unayeyushia kwenye mfuko, anza nao sambamba na maji, ila usitie spageti mpaka kamba wawe wakavu.

Na wewe mwenye uma: njia yako haichomi nyumba. Kamba waliochemshwa kwenye maji ya chumvi wanaiva salama. Ila utamu wao unabaki kwenye sufuria, na sufuria unaimwaga. Ukiwa mmoja na umechoka, fanya hivyo, chota kikombe cha maji kabla ya kuchuja. Ukiwa na watu mezani, kaanga.

UmaMkononi

Mzee, uma nimeuweka chini. Lakini "chujio liache likae ukutani" inaniuma, nimenunua jipya.

JibiniKwanza

Mchango mzuri mzee wangu, ila jibini iko wapi? Hapo mwisho ukikwangulia parmesani juu, mchuzi unakuwa mzito bila hata ya hizo sarakasi za kurusha kikaango.

Mzee_wa_Kikaango

Nilijua utakuja. Waitaliano wengi wakikuona unaweka jibini kwenye pasta ya vyakula vya baharini watakununia, na sababu yao ni ya maana: jibini kavu ina chumvi nyingi na ladha nzito, kamba anapotea chini yake. Kwenye sahani yako weka utakavyo, si mimi ninayekula. Ukipenda kitu cha kukwaruza juu, kaanga chembe za mkate mkavu kwenye mafuta ya zeituni mpaka ziwe za dhahabu, nyunyiza. Zinakupa mlio mdomoni na kamba anabaki na sauti yake.

MkaguziWaLebo

Dada ZamuYaJioni, nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kugandisha vyakula vya baharini, upande wa ubora. Mzee amemaliza upande wa moto, ila yale maji yanayojaa kikaangoni mwako huenda yanatoka mahali ambapo karatasi ya jikoni haifiki.

Geuza mfuko usome viambato. Ukikuta "kamba" peke yake, au kamba na chumvi, sawa. Ukikuta fosfati, au namba E451 au E452, kamba hao walilowekwa kabla ya kugandishwa. Fosfati inaifanya nyama ishike maji zaidi. Matumizi yake yanaruhusiwa kwa viwango na haina sumu, lakini maji hayo yanahesabika kwenye uzito unaolipia, na mengi yake yanatoka wakikutana na moto. Ukikausha nje kwa nusu saa bado watachuruzika. Kamba wa namna hii pia wana ule utelezi fulani na mng'ao wa kioo hata wakiwa wameiva.

Kuna jambo la pili, barafu ya juu. Kamba wanaogandishwa mmoja mmoja hupitishwa majini ili wafunikwe na ganda jembamba la barafu linalowakinga wasikauke ndani ya friza. Hiyo ni kinga halali. Tafuta uzito halisi bila barafu, mara nyingi umeandikwa kwa herufi ndogo chini ya ule mkubwa, na upimie mapishi yako kwa huo.

Zile namba za 21/25 au 31/40 ni idadi ya kamba kwenye ratili moja, yaani gramu 454. Namba ikishuka kamba anakua. Mifuko mingine huhesabu kwa kilo, kwa hiyo angalia kipimo kabla ya kulinganisha. Kwa mlo wako wa haraka ningechukua 26/30: wanapata rangi kabla hawajakakamaa, na huna kazi ya kugeuza vijikamba mia. Waliokwisha kupikwa, wale wa waridi tangu mfukoni, siwashauri kwa pishi hili. Hao wameshaiva, kila dakika unayoongeza ni ya kuwakaza. Kama ndio ulionao, wayeyushe, wakaushe, waweke baada ya siagi, wapate joto tu.

Na kama kamba wako hawana fosfati na unataka wawe na ule mng'ato wa hotelini, kwa gramu 450 changanya robo kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda na nusu kijiko cha chai cha chumvi, wasugue, waache friji dakika kumi na tano, halafu wakaushe kama alivyosema mzee. Bikaboneti inapunguza asidi juu ya nyama, protini hazijikazi sana zikipata joto. Usizidishe kipimo, wataonja sabuni. Waliolowekwa tayari usiwafanyie hivyo.

ZamuYaJioni

Jamani asanteni. Nimekwenda kuangalia mfuko sasa hivi: E451 ipo, tena imeandikwa pale pembeni palipokunjwa. Kumbe!

Nina maswali mawili ya nyongeza. Mtoto anapenda mchuzi mweupe. Nikitaka kumridhisha naweka maziwa saa ngapi, maana limau na maziwa najua yatagombana. La pili, mume wangu amesema akipata kamba wenye maganda atawaleta. Maganda natupa?

Na kwa MkaguziWaLebo, wifi yangu anakuja wiki ijayo, yeye hali kaa, anavimba midomo. Kamba nao wamo?

Mzee_wa_Kikaango

Maziwa acha. Maziwa yana mafuta machache na protini nyingi, asidi ya limau ikiingia na moto ukiwapo yanakatika vipande mbele ya macho yako. Tumia krimu yenye mafuta asilimia 30 kwenda juu, inavumilia. Mililita 100 zinatosha. Itie baada ya maji ya spageti, ichemke dakika moja, kisha spageti. Punguza siagi iwe nusu, na limau tumia lile ganda la kukwangua tu, maji yake kila mtu akamulie kwenye sahani yake. Ila mpe kwanza ule mchuzi wa wanga usimwambie kitu. Ni mweupe, na mtoto wa miaka sita anahukumu kwa macho.

Maganda kuyatupa ni dhambi. Nilikwambia ile rangi nyekundu inafunguka kwa joto. Basi pia inayeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Maji ya spageti yakiwa bado hayajatokota, kaanga maganda na vichwa kwenye kijiko cha mafuta mpaka yawe mekundu na jiko linukie. Mafuta yenyewe yatageuka ya machungwa. Mimina maji vikombe viwili, yachemke taratibu dakika kumi, ponda vichwa kwa mwiko, chuja. Hilo chujio la huyo bwana mwenye uma ndilo kazi yake hiyo. Supu hiyo itumie badala ya nusu ya maji ya spageti, nusu tu, maana wanga bado tunauhitaji. Siku huna muda, maganda yafunge kwenye mfuko uyarudishe friza yasubiri.

Na mumeo akiwaleta, anuse kabla ya kulipa. Kamba mzuri ananukia bahari, au hanukii kabisa. Akipiga harufu ya amonia, arudi mikono mitupu. Madoa meusi kwenye maganda peke yake si kuoza, ni vimeng'enya vya kamba mwenyewe vikikutana na hewa, jinsi tufaha lililokatwa linavyobadilika rangi. Ila yanakwambia amekaa kidogo, kwa hiyo apikwe siku hiyo hiyo.

MkaguziWaLebo

Kuhusu wifi: wamo, dada. Protini inayowasumbua wengi inaitwa tropomiosini, iko kwa kaa, kamba na kamba-mti, na zinafanana sana kiasi kwamba anayedhurika na mmoja mara nyingi anadhurika na wengine. Kupika hakuiondoi, inastahimili joto. Asionje "kidogo tu". Wapo wanaopata shida hata kwa mvuke wa kikaango, kwa hiyo siku hiyo ningepika kitu kingine kabisa. Ukilazimika kupika, yake iwe ya kwanza, kwa sufuria, koleo na ubao vilivyo safi, na yeye asikae jikoni. Maji ya spageti mkitumbukiza kamba humo kwa njia ya UmaMkononi, basi sufuria nzima si yake tena. Na mwambie amwone daktari wa mzio apimwe ajue anachokikwepa, kwa sababu kuvimba midomo leo kunaweza kuwa kubanwa pumzi kesho.

ZamuYaJioni

Wifi atakula kuku. Nimeelewa.

La mwisho kabisa: kikibaki? Mume huondoka alfajiri na chombo chake cha chakula, na kamba wa jana wakipata joto tena wanatafunika mpaka kesho.

UmaMkononi

Kwangu hakijawahi kubaki, kwa hiyo sina mchango.

Mzee_wa_Kikaango

Kiingie friji ndani ya saa mbili tangu kitoke motoni, kwenye chombo kipana cha kina kifupi kipoe haraka, na kiliwe ndani ya siku mbili, tatu ukizidi sana. Kama unajua mapema kitabaki, kamba wa mumeo waweke kando kwenye kichombo chao kabla hujawachanganya. Spageti aipashe na vijiko viwili vya maji, moto mdogo, kifuniko juu, mchuzi utajirudia. Kamba awaweke baridi baridi juu yake wakati wa kula, asiwapike mara ya pili. Lakini ahakikishe kazini kwake kuna friji, na chombo akifikishe kikiwa na pakiti ya barafu pembeni. Kama hakuna friji, binti yangu, huyo mwanamume abebe kitu kingine.